Ziara ya sauti Kariakoo: anza na jina lenyewe

Dada, umeuliza uanzie wapi ziara ya sauti ya Kariakoo, Dar es Salaam, vijana watembee na simu wakisikiliza habari za mtaa wao. Anza na jina. Limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliowekwa kambi hapo. Wengi hawakurudi makwao, kwa njaa na maradhi. Nakusihi usiwapite haraka hao.

Kisha sokoni. Mwambie msikilizaji asimame, ainue macho atazame paa la zege lililokaa kama miavuli, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli. Soko lilifunguliwa 1975. Moto ulioliunguza Julai 2021 nao usiuache. Malizia Mtaa wa Lumumba, kilikozaliwa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, tarehe 7 Julai 1954.

Wazee watakaosimulia, uwarekodi nyumbani kwao. Niliwahi kumrekodi babu mmoja barabarani, maneno yake yakamezwa na "pisha, pisha!" za wasukuma mikokoteni, na hadi leo inaniuma. Kila kituo dakika tatu zinatosha. Na sikio moja libaki wazi, bodaboda hazisubiri mtu.