Kenya si mwanachama wa NATO

Ndugu yangu, umeuliza kama Kenya ikivamiwa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, italazimika kuja kutupigania, kwa kuwa ulisikia tumeitwa washirika wao. La, hailazimiki. Cheo kile cha "mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO" tulipewa na Marekani peke yake, Juni 2024. Kinarahisisha mambo ya silaha na mafunzo, lakini hakina ahadi ya kutulinda. Tena kifungu cha 10 cha mkataba wao kinaruhusu kualika nchi za Ulaya tu.

NATO ilizaliwa Washington tarehe 4 Aprili 1949, nchi 12 zikihofia Muungano wa Kisovieti. Leo ni 32. Moyo wake ni kifungu cha 5: ukimshambulia mmoja, umewashambulia wote. Hapa ndipo wengi huteleza, kwani kila nchi hujiamulia msaada inaouona unafaa, si lazima askari. Kimetumika mara moja tu, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Na hawapigi kura. Wote wakubaliane, mmoja akigoma jambo limekwama. Sweden iliomba Mei 2022 ikaingia Machi 2024, ikizisubiri Uturuki na Hungary.

Hata hivyo, sisi wa Mombasa tusiseme hayatuhusu. Kuanzia 2009 hadi 2016 manowari za NATO zilifanya doria dhidi ya maharamia wa Kisomali, wakati bima za meli zilikuwa zimepanda, na mzigo unaoshushwa Kilindini ndio unaotulisha.