Msiguse idadi, tuambieni tarehe

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, “Je, sikukuu zetu zimezidi, na kama zimezidi ungefuta ipi?”, limenigusa pabaya. Kila linapoulizwa hapa Dar es Salaam mazungumzo huishia pale pale: huyu anataka Nane Nane iondoke, yule haoni maana ya Boxing Day, na wa tatu anaanza kuhesabu za wenzake wa dini nyingine kwa vidole.

Basi tuzihesabu sawasawa. Ukiacha Jumapili ya Pasaka, ambayo ingekuwa mapumziko hata bila Pasaka, siku zetu Watanzania ni 17. Wakristo wana nne: Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi na kesho yake. Waislamu wana nne: Idi el-Fitri siku mbili, Idi el-Haji siku moja, na Maulidi. Tisa zilizobaki ni za wote: Mwaka Mpya, Mapinduzi Januari 12, Karume Aprili 7, Muungano Aprili 26, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, Nyerere Oktoba 14 na Uhuru Desemba 9. Nne kwa nne. Anayetaka kufuta moja ya upande mmoja ajue atadaiwa ya upande wa pili siku hiyo hiyo, na kwa maoni yangu usawa huo una thamani kuliko siku nane za uzalishaji. Nauacha mjadala wa kufuta hapo.

Sisi tunaopanga zamu, iwe hospitali, hoteli, kiwanda cha mikate au kampuni ya ulinzi, hatusumbuliwi na wingi wa sikukuu. Tunasumbuliwa na tarehe. Sikukuu za kiserikali zinajulikana hata za mwaka 2050. Pasaka nayo inafuata mwezi, jambo ambalo wengi hulisahau: ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia Machi 21 au baada ya hapo, kwa hiyo haishuki chini ya Machi 22 wala haivuki Aprili 25. Lakini mwezi wa Pasaka ni wa kwenye karatasi. Umeshapigiwa hesabu, hakuna anayetoka nje kuutazama. Maulidi ni mwezi 12 Mfungo Sita na Idi el-Haji ni mwezi 10 Mfungo Tatu, hivyo mwezi ukishaandama unabaki na wiki moja na ushei, au karibu wiki mbili, za kujipanga. Ni Idi el-Fitri peke yake inayotangazwa usiku ili isherehekewe asubuhi.

Chukueni Aprili ya 2023, maana mwezi ule ulikuwa na kila kitu. Ijumaa Kuu iliangukia tarehe 7, ambayo ni siku ya Karume. Sikukuu mbili, mapumziko moja. Jumatatu tarehe 10 ilikuwa ya Pasaka, katikati ya Ramadhani, kwa hiyo nyumba moja inapika mchana na ya pili yake inasubiri magharibi, ukuta mmoja, na Dar watu wamezoea. Kisha ikaja wiki ya Idi. Saudi Arabia walitangaza Ijumaa tarehe 21. Wapo Waislamu wa hapa Dar wanaofuata mwezi wa kimataifa, yaani ulioonekana popote duniani, nao wakaswali Ijumaa. Mwezi wa kitaifa, unaotangazwa na Mufti kupitia BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ukaleta Idi Jumamosi tarehe 22, na siku ya pili Jumapili tarehe 23. Jumatano tarehe 26 ikawa Muungano.

Sasa piga hesabu ya mtu anayefanya kazi ofisini Jumatatu hadi Ijumaa. Kalenda ilimwahidi sikukuu sita kwa mwezi huo. Alizopata kweli, kwa maana ya kutokwenda kazini, ni tatu: Ijumaa ile ya tarehe 7, Jumatatu ya Pasaka na Jumatano ya Muungano. Siku zote mbili za Idi zilimezwa na mwisho wa wiki, na kwetu sikukuu ikiangukia Jumamosi au Jumapili haisogezwi mbele. Kenya ikiangukia Jumapili wanapumzika Jumatatu. Aliyekuwa likizo mwezi huo hakupata hata hizo tatu, kwa sababu siku 28 za likizo ya mwaka kisheria zinahesabiwa pamoja na sikukuu zilizomo ndani yake.

Kilichonikera zaidi kuhusu Aprili ile ni kwamba wiki nzima mji ulikuwa unabahatisha kati ya Ijumaa na Jumamosi, wakati sehemu kubwa ya jibu ilikuwapo tangu zamani. Mwezi ulizaliwa, yaani ulipita kati ya jua na dunia, Alhamisi tarehe 20 saa 1 na dakika 12 asubuhi kwa saa zetu. Ushahidi wake ulikuwa wazi kwa dunia nzima, maana asubuhi hiyo jua lilipatwa, na kule Exmouth, Australia, likafunikwa kabisa. Kupatwa kwa jua hakutokei ila mwezi unapokuwa unazaliwa. Dar jua lilizama Alhamisi hiyo yapata saa 12 na dakika 20 jioni. Mwezi ulikuwa na umri wa saa 11. Jicho la binadamu haliuoni mwezi wa saa 11. Inabidi uvuke saa 15 ndipo hata mwenye jicho kali, kwenye anga safi, aanze kubahatisha, na watu wa kawaida huanza kuuona ukipita saa 20. Mtu akisema “labda Kigoma wameuona”, Kigoma jua huzama dakika 40 hivi baada ya Dar. Hata huko mwezi haukuwa umetimiza saa 12. (Hizo dakika 40, kwa wanaolalamika, ni sababu mojawapo ya tangazo kuchelewa usiku: Dar mmeshafuturu, magharibi ya nchi bado hawajatazama.) Ijumaa jioni mwezi ulikuwa na saa 35, unaonekana bila kutafuta. Kwa anayefuata mwezi wa kuonekana hapa nchini, Ijumaa haikuwa na nafasi ya kuwa Idi, na jambo hilo lingeweza kuandikwa kwenye kalenda ya ukutani Januari.

Badala yake ni yale yale ya kila mwaka. Fundi cherehani wa Kariakoo amepokea kanzu na magauni ya watoto kwa ahadi ya “mkesha wa Idi”, lakini mkesha ni upi? Akimaliza Alhamisi amekesha bure usiku ambao angeweza kulala, akingoja Ijumaa na Idi ikawa Ijumaa amewavunjia watu. Mwenye bucha anaagiza nyama ya usiku wa mwezi, na mwezi usipoonekana anabaki nayo mchana wa funga, ambapo wateja wake wengi hawanunui mpaka alasiri. Mama asiye na friji aliyenunua kilo tatu za nyama kwa pilau ya kilo tano za mchele hana cha kufanya zaidi ya kuichemsha kwa chumvi na tangawizi, aipoze, kisha aichemshe tena asubuhi na tena jioni, na hapo mkaa unaingia kwenye bei ya Idi.

Kwetu wa zamu makosa yanaonekana kwenye malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 25, inasema mfanyakazi akifanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Kwa kila saa, si kwa siku. Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa saa za wiki, ambazo mwisho wake ni 45. Kwa kifupi, gawa kwa 195. Mwenye mshahara wa msingi wa sh 390,000 saa yake ni sh 2,000, ya sikukuu ni sh 4,000, na zamu ya saa nane ni sh 32,000. Wahasibu wengi hugawa kwa siku 30, wakapata sh 13,000 kwa siku, wakazidisha mara mbili wakampa sh 26,000. Sh 6,000 zimepotea na hakuna aliyekusudia kuiba. Kosa la pili ni zamu ya usiku. Mlinzi aliyeingia saa 2 usiku wa kuamkia Idi na kutoka saa 12 asubuhi, zile saa sita kuanzia saa 6 usiku ni za sikukuu. Karatasi ya mahudhurio iliyoandika tarehe ya kuingia tu inazifuta zote. Kosa la tatu ndilo la mwezi wenyewe: ratiba ilichapwa wiki mbili kabla ikaandika “IDI” kwenye Ijumaa, Idi ikawa Jumamosi, na mshahara ukaandaliwa kwa ratiba ya zamani. Aliyefanya Ijumaa analipwa mara mbili, aliyefanya Jumamosi analipwa kawaida, na ugomvi unaanza kati ya watu wawili ambao wote hawana kosa.

Dawa tunayo, ila haiandikwi. Andaa ratiba mbili kwenye karatasi moja, safu ya “ikiwa Ijumaa” na safu ya “ikiwa Jumamosi”, majina kwa penseli. Waulize watu mapema nani anaswali siku ipi, pamoja na wale wanaofuata mwezi wa kimataifa, maana kisheria Ijumaa yao si sikukuu na bila ruhusa ya maandishi wataandikwa watoro. Mabadilishano ya Idi kwa Krismasi, ambayo hapa Dar ni desturi nzuri kuliko nyingi tulizonazo, yaandikwe na kusainiwa na wote wawili. Mwenzako akihama kituo mwezi Novemba, ahadi ya mdomo huhama naye. Usiku wa tangazo futa safu moja, wino juu ya nyingine, nakala moja ukutani na moja kwa mhasibu.

Nilipoanza kuandika nilitaka kumalizia kwa kudai kwamba serikali itangaze Idi Januari kwa hesabu za wataalamu wa anga, basi. Inawezekana. Mabohora wa mjini, Waislamu wa Kishia wenye asili ya India, wanakwenda kwa kalenda ya hesabu, miezi ya siku 30 na 29 ikipokezana, na siku 11 za nyongeza kila miaka 30; wanaijua Idi yao miaka mingi kabla. Lakini kadiri ninavyoiandika hoja hiyo ndivyo inavyonipungukia. Hesabu inaweza kukuambia usiku ambao mwezi hauwezi kuonekana. Haiwezi kukuambia kwamba utaonekana, hasa Idi ikiwa ndani ya masika na wingu limetanda toka Kigamboni mpaka Bunju. Na mwezi wa kuonekana ni ibada, si uzembe wa kupanga. Tarehe ikitangazwa na ofisi ya serikali, wale wa Ijumaa na wale wa Jumamosi hawatakuwa wamoja. Watakuwa makundi matatu. Mwezi uachwe kwa wanaoutazama.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na najua linapingana na nilikoanzia. Kwanza, kalenda rasmi ziandike Idi el-Fitri kwa tarehe mbili, na pale hesabu inapoonyesha kwamba tarehe moja haiwezekani kwa mwezi wa hapa nchini, pembeni iandikwe hivyo. Hilo haligusi mamlaka ya mtu. Pili, nilisema msiguse idadi, na sasa naomba mwiguse: siku zote mbili za Idi zikimezwa na Jumamosi na Jumapili kama 2023, Jumatatu iwe mapumziko, na Krismasi nayo ikiangukia Jumamosi na Boxing Day Jumapili, iwe hivyo hivyo. Nne kwa nne iwe kweli nne kwa nne.

Naiweka kwa tahadhari, kwa sababu ya vibarua. Ile sh 32,000 ni ya mwenye mkataba. Mpakia mizigo wa Kariakoo, dada anayefua kwa siku, fundi msaidizi kwenye nyumba inayojengwa, hao sikukuu yao ni siku isiyo na posho, na Jumatatu niliyoiomba ni siku nyingine ya namna hiyo. Kama Jumatatu hiyo italetwa bila utaratibu wowote kwa mtu anayelipwa kwa siku, mimi naiondoa kwenye ombi langu na kubaki na la kalenda peke yake.

Msomaji wenu, Temeke