Jibu: Trimarani ya futi 16 nyuma ya nyumba, Kisumu. Inawezekana, ila pesa iende kwenye viungo

Ndugu, umeuliza kama trimarani ya futi 16, yaani boti ya tanga yenye chombo kikuu katikati na mrengu (kielea) kila upande, inaweza kujengwa kwa plaiwudi kwenye ua wa nyumba ya kupanga hapa Kisumu, na kama itahimili mawimbi ya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Yote mawili ndiyo. Yangu niliijenga Mamboleo chini ya mabati na turubai, na hadi leo naitoa ufuo wa Dunga. Wanaokushauri ununue boti ya wavuvi wana hoja kama unataka kubeba samaki. Wewe umesema unataka kutembea kwa tanga na familia, na kwa kazi hiyo chombo chenye mirengu miwili ni kitulivu na chepesi. Watu wa Pwani wanayo ngalawa tangu enzi za mababu. Mwenzetu Arthur Piver wa Marekani aliuza michoro ya trimarani za plaiwudi kwa wajenzi wa nyumbani tangu miaka ya 1950. Hujaota ndoto ya ajabu.

Michoro nunua, tafadhali. Sababu ni uzito. Upepo ukikaza, mrengu wa upande ambao boti inainamia hubeba karibu chombo chote. Chukulia boti na vifaa ni kilo 200, nanyi wawili kilo 150: jumla 350. Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo lita moja inayosukumwa hubeba kilo moja tu, pungufu ya bahari kwa kama asilimia 2.5. Mrengu wa lita 350 basi utazama wote wakati unapouhitaji zaidi. Mimi singepanda wenye chini ya lita 500.

Sasa fikiria kilo hizo 350 zinasukuma juu, zaidi ya mita moja na nusu kutoka ubavuni mwa chombo kikuu. Nguvu hiyo yote inapita kwenye boriti mbili zinazounganisha mirengu na chombo kikuu, na sehemu zinapofungwa. Chombo kikuu kikiwa na kona zisizopendeza kitaelea tu. Kiungo dhaifu kitakuacha katikati ya maji. Kwa hiyo chini ya kila boriti weka ukuta wa ndani unaofika hadi sakafuni, katika chombo kikuu na kwenye mirengu pia. Saiprasi kavu, yenye nyuzi zilizonyooka na isiyo na vifundo, inatosha kwa boriti za sanduku, yaani zenye uwazi ndani. Ichague mwenyewe, ubao kwa ubao, hata muuzaji akinuna.

Kufunga, napendelea kamba kuliko bolti. Kamba hugawa mzigo, na unaiona inapochakaa. Iwe ya poliesta. Nailoni hurefuka, hasa ikilowa, na boriti zitaanza kucheza. Ukiamua bolti, ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kila tundu lichimbwe pana, lijazwe gundi ya epoksi, kisha litobolewe upya katikati, ili maji yasipate njia ya kuingia kwenye plaiwudi.

Plaiwudi yenyewe inahitaji macho makali. Zile mbao zenye ngozi laini ambazo watu wa mjengo huita marini bodi ni za kumiminia zege. Epoksi haishiki kwenye ngozi ile. Tafuta plaiwudi ya milimita 6 yenye gundi isiyoogopa maji, na kabla ya kulipia zote omba kipande, kichemshe kwenye sufuria saa kadhaa, kikaushe, uchemshe tena. Matabaka yakiachana, rudi ukatafute kwingine, hata kama karatasi za dukani zinasema vizuri. Ubao mmoja una futi 8, kwa hiyo utaunganisha. Kata miisho kwa mteremko wenye urefu mara nane ya unene, yaani milimita 48, upake epoksi na ubane. Kisha shona mbao kwa waya wa shaba, jaza kona za ndani kwa epoksi iliyokorogwa na unga wa mbao, ufunike kwa kitambaa cha faiba.

Joto letu lina masharti yake. Epoksi ikiachwa imerundikana kwenye kopo hupata moto na kuganda mikononi mwako; imimine kwenye sinia pana na uchanganye kidogo kidogo. Mbao tupu zipake jioni joto linaposhuka, maana zikipashwa asubuhi hewa iliyo ndani hutanuka na kutoa mapovu. Jua huila epoksi, kwa hiyo rangi ni lazima, na iwe nyeupe. Mirengu iliyozibwa iwe na vizibo vya kufungua boti ikiwa nchi kavu, hewa ipate pa kutokea.

Pima geti lako kabla ya kukata chochote. Upana wa chombo kikiwa kamili hukaribia mita nne, kwa hiyo chagua mchoro unaofunguka vipande. Mfumo wa kukunja mirengu aliobuni Ian Farrier wa New Zealand miaka ya 1970 ni mzuri mno, lakini kwa chombo chako cha kwanza kamba na boriti za kuchomoa zinatosha.

Ziwani, usukani na ubao wa kati (ule unaoshuka majini kuzuia boti isisukumwe kando) viwe vya kuinuka vyenyewe. Gugu maji litakukamata, na nyavu pia. Upepo wa mchana huvuma kutoka ziwani kuja mjini: unatoka kwa kupiga bisho, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, na kurudi kwa raha. Mawingu yakianza kujijenga juu ya milima ya Nandi, geuza. Dhoruba ikikukuta, legeza demani (kamba inayobana tanga) mapema, kwa sababu trimarani ikipinduka haijigeuzi yenyewe. Chukua makasia, kila mtu avae jaketi okozi, na jioni kaa mbali na mafunjo. Viboko wako pale.

Kabla ya kushusha, zungumza na viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) ya ufuo wako, kisha upeleke chombo kikaguliwe na KMA, mamlaka ya usafiri wa majini ya Kenya. Ukituma vipimo vya geti na bajeti yako, nitakwambia mchoro upi unakufaa.