Miaka 27 ya Mmarekani wa Imbaseni

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Huku Meru watu husimulia habari za Mmarekani mweusi aliyefia Imbaseni mwaka 2011, kwamba alikaa jela miaka 27 kwa kosa lisilo lake. Inakuwaje serikali kubwa kama ile ikose kujua muuaji si yeye?
Msomaji, Usa River

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo ni Geronimo Pratt, kiongozi mjini Los Angeles wa Black Panther, chama cha Wamarekani Weusi kilichopigania haki zao, askari aliyerudi na nishani kutoka vita vya Vietnam. Swali lako linawahurumia mno waliomfunga.

Mwaka 1967 FBI, idara ya upelelezi ya Marekani chini ya mkuu wake J. Edgar Hoover, ilielekeza kwa vyama vya Weusi mpango wake wa siri, COINTELPRO. Maagizo yalitaka vyama hivyo vivurugwe na viongozi wake wachafuliwe majina. Mpelelezi wa haki huanza na kosa, akamtafuta mkosaji. Hawa walianza na mtu. Walituma barua za uongo ili wenzi wagombane, wakapenyeza mashushushu. Chicago, shushushu wao aliwachorea ramani ya nyumba ya Fred Hampton, kiongozi wa Black Panther huko. Alfajiri ya Desemba 4, 1969 polisi wakaivamia na kumuua. Alikuwa na miaka 21!

Pratt, aliyekuwa kizuizini tangu 1970, alitiwa hatiani mwaka 1972 kwa mauaji ya mwalimu mmoja, yaliyotokea Santa Monica Desemba 1968. Alishikilia kwamba siku ile alikuwa Oakland, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo. Shahidi mkuu, mwanachama wa zamani wa Black Panther, aliulizwa mahakamani kama huwapelekea polisi habari. Akakana. Kumbe alikuwa akiwapelekea, na FBI pia, na waliolijua hilo wakanyamaza. Hapo ndipo moyo wangu unapouma: kijana anazeeka gerezani, na karatasi za kumwokoa zimo kabatini.

Wananchi wenyewe ndio waliofumbua siri ya mpango huo, walipovunja ofisi ndogo ya FBI mjini Media, Pennsylvania, mwaka 1971 na kuwapelekea waandishi nyaraka. Lakini jaji alifuta hukumu ya Pratt mwaka 1997 tu. Fidia ya dola milioni 4.5 ikafuata mwaka 2000.

Huko Imbaseni Pratt alikuwa amemfuata Pete O'Neal, Panther wa Kansas City aliyekimbilia Tanzania mwaka 1972 na kujenga hapo kituo cha jamii. Nenda, si mbali na kwako. Waulize majirani waliomjua Pratt.