Muulize Fundi wa Sweta: Mashine ya shangazi inadondosha vitanzi

*Shikamoo mama. Shangazi amenipa mashine yake ya kufuma ya Kijapani, ya zamani, ile ya nyuzi nene. Ina sindano 110. Kigari, kile kinachoteleza juu ya sindano kikifuma, kinakwama katikati, vitanzi vinadondoka hovyo, na fundi cherehani mmoja ameniambia sindano zote zimekufa. Nilitaka nifume sweta za shule kabla ya Januari. Niitupe?*
Mama Wawili, Nkuhungu

Marahaba, mwanangu. Usiitupe, na sindano usinunue kwanza. Fundi wako anajua cherehani, hii ni kazi nyingine. Tazama ubavuni mwa mashine: kuna ncha ya chuma chembamba, bapa, kinachopita juu ya sindano zote. Kisukume kwa bisibisi upande mmoja, kivute upande wa pili. Tumboni mwake kuna sponji, na hiyo ndiyo inayozikandamiza sindano zitulie chini. Ikizeeka inanata au inageuka unga, sindano zinainua vichwa, kigari kinazigonga. Mashine iwe ya Brother au ya Silver Reed, sponji hufa kabla ya chuma.

Kwangua yote ya zamani, safisha kwa spiriti. Kisha nenda kwa mafundi sofa uombe masalia ya sponji ngumu kidogo. Kata ukanda unaojaza mfereji wa chuma na kuchomoza kidogo tu, ubandike kwa gundi isiyo kali, maana iko siku utaubandua tena. Ukikirudisha chuma, kandamiza sindano kwa kiganja ili chuma kipite juu yake. Kikipita chini utalia. Sindano ya kubadilisha ni iliyopinda, au ambayo kiulimi chake, kile kinachofunga ndoana ya kichwani, hakifungi vizuri. Nyingine ziache.

Kuhusu sweta za shule, hapo nitakukatisha tamaa. Sindano zako zimeachana milimita 9. Mashine za kawaida, zinazofuma uzi mwembamba wa shule, zina sindano 200 zilizoachana milimita 4.5. Uzi huo ukiupitisha peke yake kwako, utafuma wavu wa kuvulia perege Mtera. Unaweza kupitisha nyuzi mbili au tatu pamoja, ila sweta itakula uzi, itakuwa nzito, na sioni mzazi wa Dodoma wa kuinunua kwenye joto la Januari. Wewe subiri wateja wa Juni na Julai, upepo wetu unapokata masikio: mashali, sweta za wazee, makoti ya watoto. Ukiwa na ndugu Njombe au Makete, mzigo mpelekee huko, wao baridi wanaijua.

Na kabla hujashika pesa ya mtu, fuma kipande cha sindano 30, mistari 40. Kifue, kilaze kikauke, ndipo upime. Uzi ukiwa unakwaruza, upitishe kwenye mshumaa usiowashwa wakati unauzungusha upya.

*Mashine yangu ilikuwa nzito, nikaipaka mafuta ya kula. Sasa haisogei kabisa.*
Msomaji, Kondoa

Alizeti yetu ibaki jikoni, ndugu yangu. Ikikauka inakuwa gundi, vumbi nalo linakuja kukaa. Chomoa sindano uziloweke kwenye spiriti, mbali na jiko, ufute pia reli na tumbo la kigari. Kisha weka mafuta ya cherehani, tone tone. Mistari ya mwanzo fuma kwa uzi wa kutupa, maana itatoka na madoa. Ukimaliza kazi, funika mashine kwa kitenge.