Spiriti ikauke kwanza, sindano baadaye

Mpulizo mmoja wa spiriti, pamba inapita juujuu, na sindano imeshaingia. Yote kwa sekunde nne au tano, ngozi bado inang'aa kwa maji. Haraka hii ina sababu zake: nje kuna foleni, mtoto analia, na mama mmoja anataka kuwahi gari ya mwisho ya Micheweni. Lakini dawa ile huua vijidudu katika muda wa kuanzia ngozi inapolowa mpaka inapokauka. Ukichoma kabla ya hapo, umeimwaga bure.

Kwanza ujue kilichomo ndani ya kichupa. Dawa nyingi za kupulizia ngozi ni mojawapo ya hizi: alkoholi 70% peke yake, ambayo wengi tunaiita spiriti; alkoholi 70% iliyochanganywa na klorheksidini (dawa nyingine ya kuua vijidudu) 0.5% au 2%; au povidoni-ayodini 10%, ile ya rangi ya hudhurungi inayoacha doa. Kila moja ina muda wake na makatazo yake, kwa hiyo kichupa kisicho na lebo hakifai kutumika, hata kama nesi aliyekijaza anaapa kuwa anakijua. Na usidhani spiriti ya 95% itakuwa bora kwa kuwa ni kali zaidi. Maji yaliyomo katika ile ya 70% ndiyo yanayoisaidia alkoholi kupenya ndani ya kijidudu na kuziharibu protini zake, na ndiyo yanayoichelewesha isiruke upesi. Spiriti ya kuwashia moto ni kitu kingine kabisa. Huweza kuwa na methanoli, ambayo ni sumu, na haina kazi kwenye ngozi ya mtu.

Sasa muda. Kwa sindano ya kawaida ya msuli au kutoa damu, alkoholi 70% isugue ngozi kwa sekunde 30, kisha iachwe sekunde 30 nyingine ikauke yenyewe. Klorheksidini ndani ya alkoholi, kwenye ngozi kavu kama ya mkono au tumbo, nayo husuguliwa sekunde 30. Kwenye mikunjo yenye jasho, kama kwapa na kinena, isuguliwe dakika 2 nzima. Ayodini ina pole yake: ipe dakika 2 angalau, na ikiwa bado inang'aa, ngoja tena.

Namna ya kupuliza nayo ina ufundi wake. Shika kichupa umbali wa sentimita 15 hadi 20, puliza mpaka eneo lote lilowe sawasawa, si matone matatu hapa na pale. Mpulizo peke yake hauondoi uchafu ulioganda kwenye vinyweleo, kwa hiyo tumia kipande cha shashi safi kusugua, ukianzia pale utakapochoma na kuelekea nje, bila kurudi katikati na shashi ileile. Baada ya hapo mikono yako iwe mbali. Kosa linalojirudia sana ni la kuugusa tena mshipa kwa kidole ili kuhakikisha upo. Kidole hicho kimegusa meza, kalamu na simu. Ukiugusa, anza upya. Usipulize kwa mdomo ili ikauke haraka, wala usipepee kwa kadi ya kliniki, kwani pumzi na vumbi ndivyo ulivyokuwa ukijaribu kuvikimbia.

Hapa Visiwani kuna jambo ambalo vitabu vya nje havilitaji, nalo ni mafuta. Mgonjwa anakuja amejipaka mafuta ya nazi, au mafuta ya karafuu kwa sababu ya maumivu ya viungo. Mwengine ametoka kusingwa kwa liwa na msio. Ngozi inanukia vizuri, lakini dawa haiifikii sawasawa. Hapo spiriti si ya kuanzia. Anza na maji na sabuni ya kawaida, suuza vizuri, kausha kwa kitambaa safi, ndipo upulize. Kusuuza ni muhimu kwa sababu mabaki ya sabuni huipunguzia klorheksidini nguvu. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji aoge usiku wake na asubuhi yake, na baada ya hapo asijipake chochote: si losheni, si poda, si udi wa kupaka. Hina ya mkononi haizuii dawa kufanya kazi, ila piko kwenye kucha huweza kukitatiza kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, kwa hiyo bi harusi wa juzi amwambie nesi mapema ili kibanwe kwenye ndewe ya sikio.

Wembe nao uachwe nyumbani. Kunyoa kwa wembe usiku wa kuamkia upasuaji huacha michubuko midogo isiyoonekana, na vijidudu huzaliana humo mpaka asubuhi. Nywele zikiwa lazima ziondoke, spitali watazikata kwa mashine. Aliyezoea kunyoa kwa ajili ya sunna awe amefanya hivyo siku kadhaa nyuma, ngozi imeshapona.

Ngozi ikichomwa mbichi, yaani bado na spiriti, madhara hayaishii kwenye vijidudu. Alkoholi huingia na sindano, na ndiyo ile chomachoma inayowafanya watoto wachukie chumba cha sindano maisha yao yote. Kwenye kuchoma kidole kupima malaria, spiriti iliyobaki hupasua chembe nyekundu za damu, na slaidi inakuwa tabu kusomeka. Kwenye kipimo cha sukari huizimua damu. Hapo pia kuna mtego wa pili: aliyetoka kumenya embe au chungwa huwa na sukari vidoleni, na kipimo huruka juu bila sababu. Maji na sabuni ndiyo dawa yake, na kidole kikauke kabisa.

Kuna sindano ambazo hazihitaji spiriti hata kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2010 kuhusu sindano unasema kwa chanjo, na kwa sindano za chini ya ngozi kama insulini, ngozi iliyooshwa kwa maji na sabuni inatosha. Mgonjwa wa kisukari wa Wete asisumbuke kununua spiriti kila wiki ikiwa anaoga na ngozi yake ni safi. Kwa chanjo zenye vijidudu hai, kama BCG ya kifua kikuu, spiriti isiyokauka huweza hata kuidhoofisha chanjo yenyewe.

Tukija kwenye moto, hapa tusifanye mzaha. Mvuke wa alkoholi hushika moto upesi sana, na mwali wake mara nyingi hauonekani vizuri mchana au chini ya taa kali. Chumba cha upasuaji hutumia mashine ya umeme ya kukatia na kuzibia mishipa ya damu, na cheche moja inatosha. Kwa hiyo dawa yenye alkoholi iachwe dakika 3 angalau kwenye ngozi isiyo na nywele kabla ya kufunika kwa shuka za upasuaji. Kwenye nywele nyingi huweza kuchukua hadi saa nzima, na ndiyo maana huko huepukwa. Iliyotuama kwenye kitovu, chini ya mgongo au kinenani ifyonzwe kwa shashi, na shuka au nguo iliyolowa itolewe. Buibui la kitambaa laini lililokunjwa tu hadi kiunoni hunyonya dawa na kuishika huko ndani bila mtu kuona, basi livuliwe.

Hili linawahusu pia wanaofanya hijama, yaani kuumika. Zipo pampu za kuvutia hewa, lakini wapo bado wanaotumia vikombe vya moto: pamba iliyochovywa spiriti inawashwa, inaingizwa kikombeni, kikombe kinabandikwa mgongoni. Mgongo huohuo ukiwa umepulizwa spiriti dakika moja nyuma, na kichupa kiko wazi pembeni, unacheza na maisha ya mtu. Kwa kazi hiyo tumia pampu. Anayeng'ang'ania vikombe vya moto atumie ayodini, aiache ikauke, na kichupa cha spiriti kikae chumba chengine.

Sehemu ambazo dawa hizi hazitakiwi kufika ni hizi. Macho: klorheksidini huweza kuunguza kioo cha jicho. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo baada ya watu katika nchi kadhaa za Afrika kudhurika macho kwa jeli ya klorheksidini 7.1% ya kupakwa kitovu cha mtoto mchanga, iliyotiwa machoni kimakosa kwa kudhaniwa dawa ya macho. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha spitali. Masikio: ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, klorheksidini ikifika ndani huweza kuondoa usikivu moja kwa moja, na watoto wanaotokwa usaha masikioni si wachache mitaani kwetu. Ndani ya mdomo na sehemu za siri, alkoholi haipakwi; kwa tohara ya mtoto asiye mchanga, ayodini ya majimaji (isiyo na alkoholi) ndiyo inayofaa. Kwenye ganzi ya uti wa mgongo hutumika klorheksidini 0.5%, ikauke kabisa, na kichupa kisikae meza moja na sindano za ganzi, kwa sababu tone moja likiingia kwenye mishipa ya fahamu linaweza kumpoozesha mtu. Njiti waliozaliwa kabla ya wiki 32 ngozi yao huungua, hasa dawa ikituama chini ya mgongo. Ayodini nayo iepukwe kwa watoto wachanga na wenye maradhi ya tezi ya shingo, ila daktari akiona haja.

Kabla ya kupuliza, muulize mgonjwa: umewahi kuvimba au kutoka vipele baada ya kupakwa dawa ya ngozi, au baada ya kusukutua kwa dawa ya mdomo? Swali la pili lina maana, kwa sababu baadhi ya dawa za kusukutua zina klorheksidini ileile. Mzio wake ni nadra, lakini ukija huja kwa nguvu: mwili unawasha, midomo inavimba, pumzi inakata, presha inashuka. Hapo ni adrenalini ya msuli wa paja, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, bila kusubiri.

Waislamu wengi huuliza kama spiriti inatia najisi. Lisipuuzwe swali hilo. Anayetaka kutulia moyo anaweza kutumiwa ayodini ya majimaji au klorheksidini isiyo na alkoholi, na hukumu yenyewe awaulize masheikhe.

Kwenye zahanati, tupilieni mbali lile bakuli la pamba zilizolowekwa spiriti tangu asubuhi. Mikono huingia na kutoka, alkoholi inaruka, na kufikia adhuhuri unampaka mgonjwa maji machafu. Loweka pamba moja kwa mtu mmoja, pale pale. Kichupa kikiisha, kioshwe na kukaushwa kabla ya kujazwa, usiongezee juu ya mabaki. Andika tarehe ya kukifungua. Kikae kabatini, mbali na jiko na jua la dirishani, juu ya urefu wa mkono wa mtoto. Mtoto akinywa, usimtapishe. Alkoholi humshushia sukari upesi, kwa hiyo mbebe na kichupa chake mpaka spitali.

Na kwa wenye kufua: shuka au kanga iliyolowa klorheksidini isitiwe Jik. Hutoka doa la hudhurungi ambalo halifutiki tena. Ifue kwanza kwa sabuni na maji mengi.