Dondora juu ya mkarafuu

Swali: Assalaamu alaykum. Mwaka huu mikarafuu yetu imebeba vizuri, lakini miwili ina viota vya dondora. Kijana wangu aliumwa akiwa juu ya ngazi, nusura aanguke. Jirani ananishauri nivichome kwa petroli. Nifanyeje?
*Mchumaji, Mtambwe, Pemba*

Jibu: Waalaykumu salaam. Petroli usiisogeze hapo. Majani ya mkarafuu yamejaa mafuta, na mti ulioutunza miaka ishirini unaweza kuupoteza kwa kiota kisichozidi kiganja. Tena mvuke wa petroli hushika moto kabla hujauona, na mwenye kibiriti ndiye anayeungua kwanza.

Hatari kubwa kwa kijana wako ni kuanguka kuliko sumu yenyewe. Kwa hiyo kiota kitafutwe kabla ngazi haijasimamishwa. Simama hatua kumi kutoka kwenye mti, jua likiwa limepanda, utazame kwa dakika kumi. Ukiona wadudu wembamba wa kiuno wanakwenda na kurudi pahala pamoja, fuata njia yao kwa macho. Asubuhi ya mvua usijiamini: wametulia kiotani na hutaona kitu mpaka utikise tawi. Kiota chenyewe ni cha rangi ya majivu, kama karatasi, kimening'inia kwa kikonyo kimoja, vitundu vyake vikitazama chini. Ukikiona, funga kitambaa chekundu kwenye shina ili kila mchumaji ajue.

Kiota kidogo unachokifikia ukiwa umesimama chini, kiondoe usiku, baada ya isha, wote wakiwa wamerudi. Changanya lita moja ya maji na vijiko vitatu vya chakula vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, utie kwenye chupa ya kupulizia. Maji matupu huwateleza; sabuni ndiyo inayoyafanya yaingie kwenye vitundu vya pumzi vilivyo ubavuni mwao. Vaa mikono mirefu, suruali uichomeke ndani ya soksi, uso ufunike. Tochi usiishike wala usiifunge kichwani, maana watakaoruka watafuata mwanga. Iweke chini pembeni, kiooni uifunge plastiki nyekundu, rangi wasiyoiona vizuri. Lowesha kiota chote mpaka kichuruzike, ngoja watulie, kisha kiangushe kwa upembo ukifukie.

Kiota kikubwa, au cha juu, kiache. Usikishughulikie ukiwa juu ya ngazi hata kwa sabuni. Chuma miti mingine. Dondora hulinda kiota chao, hawakufuati shamba zima. Na kijana akiumwa tena akiwa juu, mkono wa kwanza ukumbatie tawi. Asipige wala asipunge mkono, ashuke.

Nyuki waliomo ndani ya shina ni habari nyingine. Hao mwite mfuga nyuki. Nyuki akiuma huacha harufu inayofanana na ndizi mbivu, nayo huwaita wenzake, kwa hiyo ondoka mbio uingie ndani ya nyumba.

Swali: Mafuta ya taa yanasaidia ukiumwa?
*Msomaji, Konde*

Jibu: Hapana, huchubua ngozi tu. Dondora hauachi mwiba, anaweza kuuma tena na tena. Nyuki huuacha pamoja na kifuko cha sumu: ung'oe papo hapo, kwa kucha au kwa vidole, maana kila sekunde sumu inazidi kuingia. Vua pete. Osha kwa sabuni, weka barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika kumi. Uvimbe kuongezeka siku ya pili ni kawaida.

Swali: Wakati gani tukimbilie hospitali?
*Mama wa watoto watatu, Wete*

Jibu: Ukiona mapele mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, pumzi kubana, kutapika au kizunguzungu, usisubiri hata dakika tano. Vivyo hivyo akiumwa mdomoni au kooni, au mtoto akiumwa mara nyingi. Mlaze, miguu iinuliwe. Pumzi ikimbana, akae. Asisimame wala asitembezwe hadi kwenye gari, abebwe. Dawa yake ni sindano ya adrenalini pajani. Vidonge vya mzio havitoshi. Akipata nafuu msimrudishe nyumbani haraka, kwa sababu dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa bila kuumwa tena.